Sista Azélie wa Bayou Cannelle, Aliyekataa Kuondoka Chamani

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1929 katika nyumba za wakata miwa za Bayou Cannelle, jimbo la Louisiana, mtoto wa nne wa Théogène Batiste na mkewe Ozémie, Wakatoliki weusi waliosali Rozari kwa Kifaransa chao na kuketi nyuma kanisani kwa sababu viti vya mbele vilikuwa na wenyewe. Siku hizi wapo wanaomchora akitabasamu, macho yameelekea mbinguni. Waliomjua hawamtambui katika picha hiyo. Azélie alikuwa mtu wa hasira, na anayeificha hasira yake anaandika maisha ya mtu mwingine.

Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Wakampeleka kwa daktari wa kiwanda cha sukari, wakaambiwa wakae kwenye benchi la barazani mpaka wagonjwa weupe waishe. Wagonjwa weupe hawakuisha. Mmoja alipotoka, mwingine alifika na kuwapita. Wa mwisho alikuja kutolewa mwiba kidoleni. Saa nane mchana Ozémie alikufa pale pale, na mtoto tumboni. Jumamosi iliyofuata Azélie aliungama kwamba anamchukia daktari. Padri, mzee mwenye moyo laini, akamsihi amsamehe.

“Yeye nitamsamehe, Baba,” akajibu. “Lakini lile benchi bado lipo. Nalo nilisamehe?”

Padri alimpa malipizi ya Salamu Maria tatu.

Mwaka 1947 aliingia katika shirika la masista weusi, akaweka nadhiri na kusomea uuguzi. Kwa miaka mingi aliwahudumia wagonjwa mjini, na kila mwaka alimwandikia mkuu wa shirika barua ileile, akiomba arudishwe kwao. Ruhusa ilipatikana mwaka 1969. Alifungua zahanati katika ghala la zamani la mpunga, na mlangoni hakumuuliza mtu rangi, kazi, wala karatasi. Miaka mitano baadaye zahanati yake ilijiunga na Chama cha Zahanati za Jamii, kilichokusanya zahanati kumi na moja za watu ambao madaktari walikuwa wakiwakwepa. Wanachama waliagiza dawa pamoja, waligawana madaktari, na walikwenda kwa pamoja kuwasumbua wakubwa wa jimbo. Kila zahanati ilikuwa na kura moja, na kanuni ilitaka kura hiyo ipigwe na mgonjwa. Bayou Cannelle walimtuma Alcide Narcisse, mkata miwa mwenye kisukari, asiyejua kusoma. Sista aliuheshimu uanachama huo karibu sawa na nadhiri zake. Alisema chamani ndipo mahali pekee alipoona neno la Alcide likihesabiwa sawa na la daktari.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1986. Ndege za kiwanda zilikuwa zikinyunyizia dawa mashambani, na watoto wa nyumba za karibu walifika zahanati wakikohoa, ngozi zimebabuka. Sista aliwaandika mmoja mmoja na kupeleka orodha serikalini. Wakati huohuo kiwanda kilikuwa kimekiahidi Chama jengo jipya la ofisi. Mwenyekiti, Dakta Warren Kimbrough, mtu wa mjini mwenye sauti ya upole, akaja Bayou Cannelle, akakaribishwa wali na maharage mekundu, akala akashiba. Kisha akamwambia Sista kwamba wote wako upande mmoja, ila aiondoe orodha ile serikalini, ingoje kidogo.

“Ingoje nini?” Sista akauliza. “Watoto waishe?”

Alcide, aliyekuwa akikusanya sahani, akacheka bila furaha. “Daktari, ungetuambia kabla hujala. Hicho chakula tungempa mbwa, angalau yeye hubweka mwizi akija.”

Mwezi mmoja baadaye Bayou Cannelle ilifutwa uanachama, kwa madai kwamba haikutimiza viwango, kwa kuwa haikuwa na daktari wa kudumu. Daktari waliyegawiwa akaondolewa, na dawa zikakatika. Sista alisimama kwenye mkutano akamwita mwenyekiti mchuuzi wa watoto, na maneno hayo yakafika kwa askofu. Majirani walimshauri aachane na Chama, atafute wafadhili wake mwenyewe. Alikataa. Alisema Chama si cha Kimbrough, ni cha wagonjwa, na mwenye nyumba hahami kwa sababu mgeni amekalia kiti chake. Kwa kila mkutano alifunga safari ya mwendo wa saa tatu, yeye na Alcide, wakakaa nyuma bila kura. Mwezi wa tano tangu kufutwa, Léontine Guidry, mama wa watoto sita, alikufa kwa kisukari huku akisubiri insulini ambayo zamani ilikuwa ikija kila Jumatatu. Sista alimwosha mwenyewe. Walioshuhudia wanasema hakulia.

Askofu akamwamuru aombe radhi hadharani. Alikuwa na nadhiri ya utii, akatii. Mbele ya mkutano mzima alisema, “Naomba radhi kwa ukali wa maneno yangu. Niliyoyasema, siyaombei radhi. Léontine Guidry amezikwa Jumanne.” Akaketi.

Ndipo Verna Stoddard, mama mzungu kutoka zahanati ya vilimani, ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni, akainuka akishikilia kiti cha mbele yake. “Mwenyekiti, hata sisi hatuna daktari wa kudumu. Kama hawa si wanachama, tufuteni na sisi.” Akainuka wa pili, akainuka wa tatu. Kura ilipopigwa, Bayou Cannelle ilirudishwa, jengo la kiwanda likakataliwa, na Kimbrough akajiuzulu. Watu walipiga makofi. Sista hakupiga. Mpiga picha alipomwomba atabasamu, alimuuliza kama Léontine naye ataitwa kwenye picha.

Baada ya tufani ya mwaka 1992, umeme ulikatika siku tisa katika joto la Agosti. Sista alipiga magoti mbele ya jokofu lililozimika na, kwa maneno ya Alcide, alimgombeza Mungu. Insulini haikuharibika, wala mgonjwa mmoja hakufa. Madaktari watasema dawa hiyo huvumilia kuliko tunavyodhani. Waseme. Bayou Cannelle wanajua walichokiona.

Alifariki tarehe 21 Oktoba 1999, kabla ya adhuhuri, akiwa ameketi zahanati akimsikiliza mgonjwa. Kanisa halijatamka lolote juu yake, na watu hawakungoja. Chama kimeweka kanuni kwamba hakuna zahanati itakayofutwa kabla wagonjwa wake hawajasikilizwa, na kila mkutano hufunguliwa kwa kutaja majina ya waliokufa wakisubiri.

Basi anayetaka kumfuata asianze na mishumaa. Ajiunge, ahudhurie, akasirike, na hasira ikimwambia atoke, akae. Utuombee, Sista Azélie, sisi tunaochoka upesi.