Bibi Asiyekuwa na Mapigo

Hiki ninachokueleza hakikumpata rafiki wa rafiki yangu. Kilinipata mimi mwenyewe, nikiwa mganga msaidizi katika hospitali moja ya misheni pale Sumbawanga, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize.

Mimi ni mtu wa Mbeya, na habari za mizimu nilikuwa nazidharau. Siku hiyo tulikuwa tumepeleka kliniki katika kijiji kipya upande wa Mwimbi, mimi na dereva wetu, Sabas. Watu walikuwa wamehamia pale mwaka uliotangulia tu, mahame yao wakayaacha nyuma ya vilima. Tulichanja watoto, tukagawa dawa. Jua lilipoanza kushuka, na ule upepo wa baridi wa Ufipa kuanza kukata masikio, foleni ikaisha. Akabaki bibi mmoja, sikio lake la kushoto limechanika ncha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nilipomwuliza anaumwa nini, akagusa kifua.

Niamini. Niliweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani kwake nisisikie kitu. Nikasogeza kulia, nikasogeza kushoto. Kimya, kama nimekiweka ukutani. Nikajiambia mpira umeziba, nikajipima mwenyewe: du-du, du-du, tena mbio. Nikarudi kwake. Kimya. Sasa wewe ungefanya nini?

"Usinitafute humo, mwanangu," akasema taratibu. "Moyo unaohangaika uko kwa Anyesi, nyumba ya mwisho, karibu na kisima. Wamemlaza. Mkalishe."

Nikainama kuchukua mkoba wa dawa. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu, na uwanja ule haukuwa na hata kichaka cha kujificha. Sabas, aliyekuwa akifunga maboksi hatua chache tu kutoka pale, akaniuliza nilikuwa naongea na nani.

Nilikimbia.

Anyesi alikuwa mama kijana, amejifungua wiki mbili kabla. Nilimkuta amelazwa chali kwenye kitanda cha kamba, midomo imebadilika rangi, povu lenye damu linamtoka mdomoni. Mama mkwe wake alikuwa amemshika mabega asiinuke, kwa nia njema kabisa, akisema mgonjwa lazima apumzike. Majirani mlangoni walikuwa wameshakubaliana kwamba amerogwa. Nikasikiliza: moyo unakwenda mbio ovyo, mapafu yamejaa maji.

Nikamkalisha, miguu ikining'inia. Nikamchoma sindano ya kutoa maji. Kisha nikachana kanga vipande, nikamfunga mikono na mguu mmoja, nikawa nafungua kiungo kimoja na kufunga kingine kwa zamu, ili damu isirudi kwa wingi kifuani. Mama mkwe alidhani namfunga kama mwendawazimu, akanisihi nisimtese mtoto wa watu. Nikamwomba anisaidie kukaza mafundo. Akasaidia, huku analia.

Sabas alituendesha hadi Sumbawanga, mimi nimemkumbatia Anyesi asilale. Hospitali ikampa oksijeni na dawa ya moyo. Asubuhi akaomba uji wa ulezi. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alipopata nguvu nikamsimulia habari za yule bibi. Akaniuliza kitu kimoja tu: sikio lake likoje? Nikamweleza.

"Huyo ndiye aliyenilea," akasema. "Tulimzika kabla ya kuhama."

Daktari wetu hakuamini habari za yule bibi, lakini kupona kwa Anyesi alikuona kwa macho yake. Tangu hapo akawa anatutuma vijijini kila mwezi, tusikilize mioyo ya kina mama wajawazito na tufundishe watu. Na unajua nani alisimama mbele ya wanawake wenzake kuonyesha namna ya kumkalisha mgonjwa? Mama mkwe yule yule. Baadaye tukaanza kuletewa watu juu ya baiskeli, wamekalishwa wima, wamefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa mwendeshaji, wangali hai. Anyesi mwenyewe aliishi hadi akamwozesha yule mtoto wake.

Mimi hadi leo simpimi mtu kabla sijamshika mkono nione kama una joto.

Basi nawe jihadhari. Ukimwona mtu anakosa pumzi kila anapolala, usimlaze, wala usimtafute mchawi. Mkalishe, umkimbize hospitali. Na atakayekuja kukuita, hata kama humfahamu, usipoteze muda kumwuliza yeye ni nani.