Gorogoro ya Bitutu

Pale soko la Keumbu, ukiuliza wimbi ni ngapi, utatajiwa bei tu. Kwamba ni bei ya gorogoro, hiyo unatakiwa uijue mwenyewe. Ule mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, ndio unaopima kila kitu huku. Kashamba ka nyuma ya nyumba utasikia ni ka gorogoro moja ya mbegu. Mchango wa harusi, gorogoro. Ukienda kumpa mtu pole, gorogoro.

Tryphosa aliijua gorogoro kabla hajajua hata salamu ya Ekegusii, lugha ya huku. Alikuja kutoka upande wa ziwani, bi harusi, na gunia la maharagwe bila chombo cha kulipimia. Aliyemsogezea nafasi ni Bitutu, mwuza wimbi kutoka Manga, mwanamke wa mdomo mkali na roho safi. Bitutu akampa mkebe wake mwenyewe, akamfundisha kukinga viganja ukingoni ili nafaka ipande iwe kijilima.

"Ukipima kama unakata na rula, wewe msichana, utakaa hapa mpaka maharagwe yako yaote!"

Jamani, siku hizo! Walicheka hadi wateja wakauliza kama wamekuja kuuza au kucheza. Jambo moja tu lilimkosesha Bitutu raha: binti yake, Nyaboke, aliolewa akakaa miaka mingi bila mtoto, na watu hawaishiwi maneno. Magoti yalipomkatalia biashara, Bitutu akarudi Manga. Akamwachia Tryphosa neno moja.

"Nyaboke akijifungua, Mama Adhis, wimbi ya uji wake utaniletea wewe. Na uipime na mkebe huu, si mwingine."

Tryphosa akaahidi.

Halafu mizani nayo ikaingia sokoni, kwa wauzaji wachache. Tryphosa naye akanunua yake, mkebe akausukuma nyuma ya jiko. Juzi simu ikalia kutoka Manga: Nyaboke amepata msichana. Tryphosa akapiga vigelegele peke yake kibandani, akakimbia nyumbani kuchukua mkebe.

Aliukuta mlangoni, umepandwa ua jekundu. Adhis, binti yake, alikuwa ameutoboa kitako kwa msumari, maji yapate kutoka.

"Si una mizani, Mama? Nilidhani umeutupa."

Tryphosa alikaa chini akalia kama mtoto. Amkaripie Adhis vipi, na ni yeye mwenyewe aliyeutupa? Akang'oa ua, akaosha mkebe, akajaribu kumimina wimbi. Zile punje ndogondogo zikamwagikia miguuni. Mikebe mizima imejaa Keumbu, angeazima tu. Lakini huu ulibonyea ubavuni pale mbuzi alipoukanyaga, na Bitutu angeujua hata gizani. Akatia wimbi kwenye mfuko, mkebe kapuni, akapanda bodaboda kwenda Manga.

Bitutu alikuwa amekaa mbele ya nyumba, mjukuu mapajani, Nyaboke kando yake. Tryphosa alipoutoa mkebe kapuni, Bitutu aliyaona matundu hata kabla ya salamu.

"Nani amempiga risasi rafiki yangu?"

"Nisamehe, Mama Nyaboke. Niliuacha ovyo." Machozi yakamtoka tena.

Bitutu akampa Nyaboke mtoto. Akakunja pembe ya leso yake, akaiweka kiganjani na kuukalisha mkebe juu yake.

"Mimina."

Tryphosa akamimina polepole. Haikuvuja hata punje. Wimbi ilipofika juu, Bitutu akakinga ukingo kwa mkono wake wa pili, Tryphosa naye akakinga upande wake, na kijilima kikaanza kupanda katikati ya viganja vyao. Mkono wa Bitutu ulikuwa umekonda. Tryphosa akaona kimetosha, akasimamisha mfuko.

"Ongeza," Bitutu akasema. "Mtoto huyu tumemngoja sana."