Andika Hivi

Mke wangu huandika miongozo ya wiki ya hospitali, ile tovuti ya ndani ambayo kila idara ina kurasa zake. Kazini wanamwita Mama Mabano, kwa sababu dawa yake ya kila tatizo ni makro: unaandika neno moja ndani ya mabano, nalo linavuta maelezo kutoka ukurasa mwingine. Ukirekebisha chanzo, kurasa zote zinarekebika. Anazipenda makro kuliko anavyonipenda mimi, na sitanii.

Juzi idara ya kufulia ilipata sabuni mpya, kali, kipimo kikapunguzwa. Mke wangu akabadilisha chanzo, akaenda kunywa chai. Ukurasa wa ufuaji ukabaki na kipimo cha zamani, na mfuaji mmoja akababuka mikono. Mtunzaji wa ukurasa huo ni dada yangu. Msimamizi akataka kumwachisha kazi.

"Wifi yangu mkaidi," mke wangu aliniambia. "Nimemwandikia atumie makro, yeye kaandika kwa mkono."

Wanasema akili ni nywele, na mimi nina kipara.

Jumapili dada akaja, simu mkononi. "Wifi, hebu soma mwongozo wako mwenyewe. Umesema 'andika hivi', halafu chini kuna kisanduku chekundu cha onyo, chenye kipimo. Nami nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Hata rangi niliitafuta."

Mke wangu alisoma, akarudia. Makro aliyoitoa kama mfano haikukubali kukaa kama mfano. Ilifanya kazi yake, ikageuka onyo lenyewe, na lile neno la mabano msomaji hakuliona kamwe. Dawa yake ni alama mbili tu za kuizuia, na anazijua hata usingizini, ila hapo alisahau kuziweka. Nilimkasirikia sana.

"Si ungeniuliza?" alisema kwa sauti ndogo.

"Nikuulize nini, wifi? Nilielewa."

Jumatatu mke wangu alikwenda kwa msimamizi kabla hajaweka mkoba chini, akasema kosa ni la mwongozo. Dada yangu akabaki kazini. Wakaagizwa, yeye na wifi yake, wakague idara zilizobaki.

Walifungua jikoni, maabara, wodi ya watoto. Kila kisanduku kilikuwa kimenakiliwa kwa mkono, kwa uangalifu, pamoja na rangi. Tangu mwongozo utoke, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kutumia makro yake.

Mke wangu alilia. Wote walikuwa wamemtii.