Ziwa Rukwa limekula shamba la mama, nimekwenda kumhamisha nikarudi na gari tupu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Leo naleta la nyumbani. Sitatia chumvi, maana hata bila chumvi limenishinda kumeza.

Mimi nipo Mazwi, hapa Sumbawanga mjini, nauza spea za baiskeli. Mama yangu ni Mfipa wa juu, wa mahindi na ulezi. Baba alipofariki, mama akashuka bondeni, upande wa Milepa, ndugu zake wakampa kipande cha ardhi kando ya Ziwa Rukwa.

Kwa wasiotujua: sisi Wafipa tunalima kwa ntumba. Unakata majani, unayarundika, unayafunika kwa udongo hadi shamba linakuwa vilima vilima. Juu yake unapanda maharage. Majani yakishaoza unavivunja vile vilima, unasambaza udongo, unapanda ulezi.

Sasa mama kafika ziwani, kakuta matete yamejaa ufukweni. Mvuvi angeona mazalia ya samaki. Mama akaona mbolea.

Akayang'oa na mizizi yake, akayafukia kwenye ntumba. Wakuu, yale maharage! Nilikuwa naletewa mengi hadi majirani wa Mazwi wakaanza kunisalimia kwa adabu.

Jirani yake, mzee Severini, ni mvuvi. Yeye hakufurahi. Alipeleka malalamiko mkutano wa kijiji, kwamba samaki aina ya magege wanakuzia vifaranga kwenye matete, na hayohayo matete ndiyo yanapunguza nguvu ya mawimbi.

Mama akanipigia nishuke nikamtetee. Nikashuka. Nikasema mjane ana haki ya kula, halafu ziwa lenyewe linarudi nyuma kila mwaka, kwa hiyo analima ardhi iliyoachwa tu. Watu wakanielewa. Wakati wa kuondoka nilimpa mzee shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

Msimu uliofuata mama akavunja ntumba zake, akasambaza ule udongo laini mpaka ukingoni, kama tunavyofanya huku juu. Huku juu udongo una pa kukaa. Kule mvua zilizidi, ziwa likapanda, udongo wote ukaondoka na maji. Shamba halipo. Maji yakaja kusimama karibu na mlango wa jiko lake.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa.

Kwa mzee Severini matete yapo, na maji yaliingia vilevile, tena hadi chumbani. Lakini yalipopungua, udongo wake tuliukuta. Wa mama hatukuukuta. Sasa tatizo ni matete au ni hii tabianchi? Mtaalamu mmoja kaniambia ziwa limepanda kila mahali, tusijilaumu. Mwingine kasema tumejitakia. Mimi nawaitikia wote wawili kama niko kanisani.

Wiki tatu zilizopita nikasema basi, nikakodi gari la mizigo nikamchukue mama kabla mvua hazijarudi.

Nafika, namkuta kwenye tope hadi magotini, anatengeneza ntumba. Nikajua mama kachanganyikiwa kuliko mimi.

Kumbe juu ya vile vilima alikuwa anapanda matete. Na aliyemkatia mashina ya kupanda ni mzee Severini, yuko palepale na panga lake.

Nikamwambia mama gari linasubiri. Hakuinua hata kichwa.

"Niliyang'oa mwenyewe, baba. Niache nilirudishie ziwa."

Nikamuuliza, na maji yakija kabla mizizi haijashika? Akamtazama jirani yake. Mzee akafuta panga kwenye suruali.

"Na mimi sijui, Gasto," akasema. "Siku ile mkutanoni ulikuwa unajua wewe."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Niliweka viatu pembeni nikaingia kwenye tope, nikapanda nao mpaka dereva akaanza kupiga honi. Gari likarudi mjini tupu. Mama yupo kulekule, na lile jiko lake.

Nilichojifunza ni kwamba kilimo cha mlimani hakishuki na mtu bondeni kikabaki kilekile. Na ziwa kurudi nyuma si kuhama, linaweza kurudi kwake siku yoyote. Zaidi ya hapo sijui kitu, naomba msinione mjinga.

Nawaomba wa Kirando, wa Kipili kule Ziwa Tanganyika, hata ndugu wa pwani mnaopanda mikoko: mimea hii hushika baada ya muda gani? Mliopanda, iliwasaidia kweli maji yalipopanda? Nimwache mama aendelee, au nikamchukue hata kwa kumkasirisha?

Mawingu yameanza kukusanyika huku juu. Kila nikiyaona nampigia simu, naye ananiambia matete mawili yamechipua.