Chakula Kilichozikwa Mumbuni

Muthokoi ukichemka juu ya kuni hutoa harufu nzito ya mahindi na maharagwe, na mwaka ule mvua ilipotunyima, harufu hiyo ndiyo iliyosema nani ana chakula pale Mumbuni na nani hana. Mama aliyatwanga mahindi kinuni mpaka yakatoka maganda, akayainjika na maharagwe tangu adhuhuri, nasi watoto tukawa hatubanduki jikoni. Baba alifanya kazi kiwandani Athi River, kwa hiyo hatukulala njaa. Lakini upande wa pili wa ua wetu wa minyaa aliishi Mama Kioko, mjane mwenye watoto watatu, na jikoni kwake moshi ulikuwa hauonekani kutwa nzima. Mabua ya shamba lake yalikauka yakawa yanavunjwa na upepo. Kioko mwanawe, niliyesoma naye darasa moja, alianza kusinzia tangu kipindi cha kwanza, na mwalimu akimuuliza, husema ni usingizi tu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti kubwa na moyo mweupe. Aliporudi Jumamosi alitaka shida ya jirani itangazwe ibadani ili waumini wachange. Imani ya kufungiwa kabatini, alisema, haijashibisha mtu. Mama hakukubali. Kwake yeye sadaka ilikuwa siri ya mtu na Mungu wake, na anayeitangaza amekwisha kujilipa. Isitoshe, alimjua Mama Kioko: akiitwa mbele ya watu wote apokee unga, hatarudi tena kanisani. Tenda wema uende zako, akasema Mama, na maneno yakaishia hapo, kwa sababu nyumbani kwetu Baba ndiye aliyehubiri na Mama ndiye aliyeamua.

Basi ikawa kila alfajiri Mama anapakua muthokoi na kuufunga kwa jani la mgomba wetu mmoja, ule ulioponea maji ya kuogea. Hakutumia kiondo, maana kila mtu alikijua kiondo chake. Akalifunga jani kwa uzi mwekundu aliofumua kwenye sweta yangu kuukuu, akaliacha mlangoni kwa Mama Kioko na kurudi akinyata. Nilimwona dirishani, na nilijivuna kuwa na mama wa namna hiyo. Aliyelelewa Ukambani ameshaona kosa liko wapi. Kwetu, kitu kilichofungwa kwa uzi mwekundu na kuachwa mlangoni na mtu asiyejulikana hakiitwi zawadi. Watu huhama nyumba kwa kitu kama hicho. Mama yangu, kwa sala zake zote, alisahau anaishi wapi.

Nilishangaa kumwona Kioko akizidi kukonda. Shavu lilikuwa limeingia ndani, na mchana alikuwa anakaa kivulini wenzake wakicheza. Sikuelewa mtu anakulaje muthokoi wa Mama akawa vile. Jibu lililetwa na Mama Kioko mwenyewe. Alikuja asubuhi moja, macho mekundu, akaketi kwenye kigoda na kumwomba Mama waombe pamoja.

"Mama Mwikali, kuna mtu ananitafuta," alisema. "Kila asubuhi napata chakula kwa mlango, imefungwa na uzi nyekundu. Nimezika yote."

"Umezika?"

"Nimezika huko nyuma ya choo. Watoto wanalia wanataka, lakini afadhali njaa."

Mama aliweka mwiko chini. Nilijua anachopima. Angeweza kuomba naye, amkemee mchawi asiyekuwepo, na siri yake ibaki safi mbele ya Mungu, na watoto wale waendelee kulia. Nilimwonea huruma, maana sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukihangaika vile.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Sikutaka uaibike."

Nilidhani Mama Kioko atacheka. Hakucheka. Alikasirika, na machozi yakamtoka.

"Sasa wewe unaniwekea chakula chini kama paka? Mlango yangu hujui kubisha? Mtu akinipenda si aingie tukae?"

Siku hiyohiyo, saa za mchana, Mama alijitwika sufuria kichwani akapita barabara kuu, wenye macho waone. Aliketi uani kwa Mama Kioko, akala kijiko cha kwanza yeye mwenyewe, kisha watoto wakala mpaka wakalala palepale. Mama Kioko hakushukuru. Aliuliza habari za kazi ya Baba, wakaongea mpaka jua likapoa. Wiki iliyofuata kina mama wengine walikuwa wanakuja na vyao, na uani pale pakawa mahali pa kulia chakula kwa watu wa kijiji. Baba alipolikuta jambo hilo alitamba kwamba yeye alisema mapema litangazwe.

"Sikutangaza," Mama alimjibu. "Nilibisha hodi."

Siku hizi naishi Athi River, na kanisa letu lina kamati ya huruma yenye fulana za rangi moja. Napenda kazi yake. Baba angeipenda zaidi. Mwezi uliopita tulipeleka unga Lukenya, kwa wanawake wanaoponda kokoto. Kila aliyepokea alisimama akashika paketi mpaka apigwe picha. Niliponong'ona kwamba simu tuzirudishe mfukoni, mwenyekiti alisema bila picha wafadhili watatuona wezi, na hakusema uongo. Mama mmoja, nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi la mawe, alipigwa picha yake, akaiweka paketi chini, akapangusa jiwe kwa leso.

"Kaa hapa mwanangu," aliniambia. "Mtakunywa chai ama mko na haraka?"

Nilitazama gari. Lilikuwa limeshawashwa.