Mbeta ya Baba

Juzi nilipita Ipogolo, nikasikia harufu ya ulanzi. Akina mama walikuwa wameupanga kando ya barabara kwenye madumu ya plastiki, midomo imezibwa kwa majani, na povu linatoka taratibu. Mjukuu wangu alikunja pua. Mimi nilisimama pale kama niliyesahau nilikokuwa nakwenda, maana harufu ile ndiyo ya pombe ya kwanza niliyowahi kuitengeneza kwa mikono yangu, na nilikuwa na miaka tisa.

Kama hukuzaliwa kwetu Iringa, ngoja nikueleze. Mvua zikikolea, mianzi huchipua. Unakata ncha ya chipukizi changa, unaning'iniza mbeta, kile kikombe kirefu cha mwanzi mkavu, na utomvu unadondokea humo. Asubuhi na jioni unakata tena kipande chembamba pale pale, la sivyo kidonda kinakauka. Siku ya kwanza ulanzi ni mtamu na hata watoto hupewa. Siku ya pili unauma ulimi. Siku ya tatu watu wazima wanaanza kusema yale waliyokuwa wameyaficha mwaka mzima.

Baba yangu, Alfonsi, alikuwa na kichaka kizuri cha mianzi nyuma ya nyumba. Lakini aliondoka kwenda kukata mkonge Tanga nikiwa mdogo, miaka ile ya hamsini walipokuwa wakiondoka wanaume wengi, na baada ya salamu mbili tatu zilizoletwa na wapita njia, kimya. Misimu mitatu mianzi yake ilichipua, ikakomaa, ikawa miti ya kujengea uzio. Hakuna aliyeigusa. Watu walipomuuliza mama kwa nini anaacha mali ipotee, alijibu neno moja tu siku zote: "Ulanzi ukianza kutiririka hapa, mjue Alfonsi yumo ndani."

Sasa niambie, mtoto wa miaka tisa aelewe nini? Nilielewa kwamba tukiutiririsha ulanzi, baba atakuwemo ndani. Niliona ajabu kwamba mama, mtu mwenye akili zake, alikuwa na dawa mkononi na hataki kuitumia.

Basi nikachukua kisu cha kumenyea viazi, nikaingia kichakani mama alipokwenda shambani. Chipukizi la kwanza nililikata katikati kabisa, likaanguka na kunipiga utosini. La pili nililikata vizuri lakini mbeta nikaifunga ikiwa imeinama, na utomvu wote ukamwagika. Kesho yake nilikuta nyuki wanne ndani, na funda moja la maji matamu. Nilitoa nyuki, nikanywa, nikacheka peke yangu. Kufikia siku ya tano nilikuwa na mbeta sita zinazodondoka, na moja nimeificha chini ya kitanda changu ichache, kwa sababu nilikumbuka baba hakupenda ulanzi wa kitoto.

Siku ya sita, mchana, tukasikia kilio mlangoni.

Alikuwa shangazi, dada yake baba, amejishika kichwa. Nyuma yake alisimama baba mdogo Filipo, mdogo wake baba, pamoja na wazee wawili wa ukoo waliovaa makoti. Mama alitoka jikoni unga umemjaa hadi kwenye viwiko.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Baba mdogo alivua kofia. Alikuwa mtu mpole. Ndiye aliyetuezekea nyumba ilipovuja. "Shemeji, tumeziona mbeta kwa kaka," alisema. "Tunashukuru umekubali. Ila ungetuambia kwanza, tungelia wote."

Jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi ni hili: kichaka cha mwanamume hakigemwi na mwingine mpaka mwenyewe aagize. Kikianza kugemwa bila agizo lake, maana yake amekufa, na ndugu yake anarithi vyote, kichaka, shamba na mjane. Mimi niliona tu watu wazima wanalia kwa sababu ya kazi yangu nzuri. Nilikuwa nimetoka chumbani na ile mbeta niliyoificha, nataka kumwonyesha mama, nikaiweka mgongoni haraka, na ulanzi ukanichuruzikia hadi kisiginoni.

Mama aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile tena maishani.

"Kagema Rozina," alisema. "Baba yake ndiye aliyemwagiza."

"Kaagiza? Lini?" aliuliza baba mdogo.

"Kaagiza. Rozina, mpe baba yako mdogo aonje."

Nilimpa kwa mikono miwili, nikipiga goti. Baba mdogo alionja, akaitazama mbeta muda mrefu. "Umechacha," alisema. "Lakini wenyewe." Wazee wakaonja. Shangazi akafuta machozi akauliza kama wake upo. Kisha wakaondoka, baba mdogo akiwa wa mwisho kutoka, kofia bado mkononi.

Nilibaki nimevurugikiwa kabisa. Wazo lilikuwa langu! Ningeagizwaje nisijue? Nilimuuliza mama, baba kaagiza lini, kwa nani. Akaniambia nikaoshe miguu. Mwishowe niliamua kwamba baba alilitia wazo lile kichwani mwangu kutoka huko huko Tanga, kama katekista alivyotufundisha kwamba Mungu hufanya. Nilifurahi mno. Kati ya watu wote, baba alikuwa amenichagua mimi.

Tangu siku ile kichaka kilikuwa changu, na hakuna aliyethubutu kunibishia. Kila msimu nilitenga mbeta moja ya baba, nikaitundika ukutani karibu na mlango, na ikifika siku ya tatu niliikuta tupu, imeoshwa, imerudishwa mahali pake. Sikumwambia mtu. Nilijua alikuwa amepita.

Nilikuwa binti wa kuolewa mama aliponiambia. Tulikuwa tunaosha vibuyu vya harusi yangu. Mwaka mmoja kabla sijaingia kichakani na kisu changu, mtu aliyerudi kutoka mkonge alipita nyumbani mimi nikiwa shule, akamkabidhi koti la baba. Baba alikufa kwa homa, na wakamzika huko huko. Mama alilificha koti, akanyamaza.

"Filipo hakuwa mtu mbaya," alisema. "Ila sikumtaka."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka yote ile niliyojiona nimechaguliwa, nilikuwa ukuta tu wa mama kujifichia. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza siku ile ile nilipomuuliza.

"Ulikuwa umeshaanza kumtengea," alisema.

"Na wewe ukawa unaumwaga!"

Mama aliinamia kibuyu, akakisugua ndani kwa changarawe kwa muda. Nilimtazama, mwanamke aliyefiwa asiyeweza hata kuvaa kaniki ya msiba, kwa sababu mbele ya watu mume wake alikuwa bado anaagiza ulanzi.

"Sikuumwaga, Rozina," alisema. "Nilikuwa naunywa."