Kisu Kipya cha Shemeji

Shemeji yangu ni fundi wa makochi, na kwa ubishi hana mpinzani. Tangu dada yangu afariki, mwaka na miezi miwili sasa, nilikuwa nimekwenda kwake mara tatu kuchukua cherehani ya marehemu, ambayo dada aliniachia kwa kauli yake mwenyewe, shemeji akiwa pale pale anasikia. Mara ya kwanza alisema ana mgeni. Ya pili, eti hajisikii vizuri. Ya tatu hakufungua kabisa, na redio nilikuwa naisikia.

Mara ya nne nilikwenda na mtu wa mkokoteni, nikamwambia asubiri nje. Niliapa sirudi mikono mitupu.

Nilimkuta kwenye kochi lisilo na kitambaa, gazeti mapajani, anahangaika na kisu cha kukunja. Kilikuwa kipya, maana cha zamani kilikatika springi. Hiki kilikuwa kimeganda vumbi la sponji, na ili kukikunjua ilibidi akivute kwa meno.

"Umekipaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Akaelekeza kidevu jikoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Shemeji, unataka kukikaanga? Fundi wa miaka yote hii hujui kisu hupakwa mafuta ya cherehani?"

Hakucheka. "Kile cha zamani sikuwa nakipaka mimi," alisema. "Kila Jumamosi dada yako akimaliza kuipaka mafuta cherehani yake ananiita, lete kisu. Nampa. Sikuwahi hata kuangalia kichupa."

Niliona aibu. Kichupa kilikuwa ndani ya droo ya cherehani, hatua mbili kutoka alipokaa, chini ya shuka aliloifunikia cherehani siku ya mazishi. Hakuwa ameligusa tangu siku hiyo.

"Fungua wewe," alisema.

Nikafungua. Nilichemsha maji, tukakisugua kisu kwa sabuni na mswaki mkuukuu mpaka ule unato ukatoka, nikakikausha vizuri, hata ndani ya mpini nikapitisha ncha ya kitambaa. Kisha tone moja tu pale kinapokunjikia. Nikakikunja na kukikunjua mara kumi hivi, nikafuta mafuta yaliyozidi. Sasa kilifunguka kwa kidole gumba. Chumba kizima kilinukia Jumamosi za dada yangu. Shemeji aligeukia dirishani.

Halafu akainuka mwenyewe, akashika cherehani upande mmoja.

"Shika huko."

Tukaitoa mpaka kwenye mkokoteni. Akarudi ndani, akaleta kichupa.

"Baki nacho," nikamwambia. "Kisu unacho wewe."

"Kichupa kaa nacho. Kisu nitakuwa nakileta kwako."

"Lini?"

"Jumamosi. Lini tena?"

Njia nzima nilitembea nyuma ya mkokoteni nikilia, nikijisemea ni vumbi. Nami naishi peke yangu, na dada ndiye pekee aliyekuwa akigonga mlango wangu.

Jumamosi alikuja, shati amelipiga pasi upande mmoja tu. Nilimaliza cherehani, nikasema, lete kisu. Nilipokikunjua, mafuta ya juma lililopita yalikuwa bado yanang'aa, hakikuhitaji chochote. Nikachukua kichupa, nikatia tone jingine.